Ndege Kaingia kwenye Ndege

Mama yangu hakuwahi kupanda ndege mpaka alipofika miaka 67, na ndege yake ya kwanza haikuruka.

Kila ninapokisimulia kisa hiki watu huniuliza swali moja: mliogopa? Tuliogopa, kwa nini tusiogope. Lakini hofu yenyewe haikufika hata dakika moja. Kilichobaki, kama saa 26 hivi, kilikuwa kusubiri, kuzozana, kuhangaikia dawa, kutafuta pahala pa kulaza wazee, na mie kumpigia kelele mtoto wa watu asiyekuwa na kosa lolote. Hayo ndiyo yaliyonifunza, na ndiyo ninayotaka kuyaandika.

Ilikuwa Februari, kaskazi imekaza. Tulikuwa tunakwenda Chennai, India, mama akatazamwe moyo. Yeye ni mtu wa Wete, Pemba. Mie nimeolewa Unguja, naishi Mwanakwerekwe na nasomesha skuli ya sekondari. Alivuka wiki mbili kabla kwa boti ya asubuhi, ushungi kajifunika uso njia nzima. Ndege ndogo za kutoka Pemba zipo, nusu saa umeshafika, lakini nauli yake mwalimu huisoma tu. Safari ya India tulichangiwa na ukoo mzima, na ndugu walioko Maskati wakamalizia palipopungua. Shirika la ndege silitaji. Kulitaja hakutanirudishia usingizi wa usiku ule.

Kiwanja chetu kwa jina rasmi ni Abeid Amani Karume, ila wazee bado wanakiita Kisauni, na mama alikiita Kisauni mbele ya kila askari aliyemuuliza anakwenda wapi. Tulipita ukaguzi, tukagongewa mihuri ya kutoka nchini, tukapanda. Nilimkalisha dirishani, nikamfunga mkanda, akaufungua, nikamfunga tena. Akasoma dua ya kipando, Subhanalladhii sakhkhara lanaa haadhaa, taratibu, neno kwa neno, kama anamsomesha mtu. Mzee mmoja wa Micheweni aliyekaa upande wa pili wa njia na mkewe akaitikia amin kwa sauti.

Jambo moja nililigundua siku ile, nami nimeishi karibu na kiwanja miaka yote. Kaskazi ikivuma, ndege kubwa hugeuza kichwa kaskazini, upande wa mjini, zikarukia huko. Kusi likiingia, hugeuka zikarukia kusini. Mababu zetu walipanga mwaka wao mzima kwa pepo hizo hizo mbili, ila jahazi husubiri upepo uje nyuma yake, na ndege huutafuta uso kwa uso. Mama nilipomwambia alisema, "Ndo maana ina kelele. Inagombana nao."

Basi ikasimama mwanzo wa njia. Injini zikapiga ukelele, migongo ikabanwa kwenye viti, minazi ikaanza kupita, mwanzo mmoja mmoja, halafu yote ikawa rangi moja ya kijani. Hapo nilikuwa natabasamu, nakumbuka vizuri. Nilikuwa namwangalia mama badala ya dirisha.

Kikasikika kishindo, puu, kama mtu kaupiga ubavu wa ndege kwa gunia la nazi. Baadaye wengine walisema walisikia viwili, mie nilisikia kimoja. Sauti ya injini ikaanguka, kisha ikanguruma upya kwa mngurumo mwengine kabisa, mzito, na miili yetu yote ikatupwa mbele kwenye mikanda. Simu ya mtu iliteleza sakafuni ikapita miguuni mwetu kwa kasi hadi mbele. Mtoto akalia. Kulikuwa na mtikisiko wa breki unaousikia kwenye meno. Kisha tukasimama, na ikaingia harufu ambayo kila mwanamke aliyewahi kuandaa kuku kwenye moto anaijua: harufu ya manyoya yaliyobabuliwa.

Watu walikaa kimya. Mhudumu akasema kwa Kiingereza tubaki tumeketi. Baada ya muda rubani mwenyewe akazungumza, Kiingereza cha kwao, cha haraka. Kijana aliyekaa nyuma yetu akawa anawafasiria wazee.

"Anasema ndege kaingia kwenye ndege."

Mama akageuka. "Ndege gani kaingia kwenye ndege gani?"

"Ndege wa mbawa, bibi, kaingia kwenye ndege hii tuliyomo. Kwenye injini."

"Sasa na wewe ungesema kunguru."

Safu tano zilicheka kwa pamoja. Kicheko kile kilikuwa na machozi ndani yake, lakini kilitufaa. Na kumbe mama alipatia bila kujua, alikuwa kunguru kweli. Kunguru hawa weusi wa shingo ya kijivu si wenyeji wetu. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili wale taka za mji. Taka tumeendelea kuzizalisha, na wao wameendelea kuzaana. Kila tukitupa jalala karibu na kiwanja tunawaalika karamu. Hilo nilikuwa sijawahi kulifikiria nikiwa nje na ndoo yangu ya taka.

Mama hakucheka na wenzake. Alikuwa anaangalia dirishani. Akasema, "Kwa hiyo karudi."

"Nani karudi, mama?"

"Nahodha. Kaona kuna kitu, karudi."

"Hakurudi, mama, tulikuwa hatujaondoka. Kasimamisha."

"Ndo hivyo hivyo," akasema. "Karudi." Akakaa kimya kwa muda mrefu. Nilidhani ni mshtuko, nikamshika mkono kutazama mapigo kama daktari alivyonionesha.

Kusubiri kwa kwanza kulikuwa humo humo ndani, kama dakika 50. Gari za zimamoto zilikuja, wazimamoto wakashuka, wakasimama. Hawakumwaga maji wala hawakusogea. Tuliwaona kwa dirishani wamesimama mbele ya ndege, wengine nyuma, na hakuna hata mmoja aliyekuja ubavuni. Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. "Wanatuangalia kama sinema." "Si watushushe?" Mwanamme mmoja mwenye suti akasimama akidai kushuka, akaambiwa akae, akasimama tena. Joto lilikuwa limeanza kupanda na watoto walikuwa wamechoka. Nami nilikuwa mmoja wa wanaonung'unika, sijisafishi.

Hatimaye tukaburutwa hadi maegeshoni, tukashushwa, tukarudi kwenye jengo lile lile tulilolipita tukiwa na furaha. Kilichofuata ni mambo ambayo hakuna anayekuhadithia kabla ya safari. Kwa karatasi, sisi tulikuwa tumeshatoka Tanzania. Muhuri upo kwenye pasi. Kwa hiyo kila mmoja alipaswa kupita tena kwa maofisa, muhuri ubatilishwe, na hilo kwa watu zaidi ya mia, na wazee, na watoto wachanga, si jambo la robo saa.

Foleni ile ilizaa mjadala mtamu kuliko yote ya siku. Laasiri ilikuwa imeshaingia, na mtu mmoja akauliza: je, sisi ni wasafiri? Tunapunguza sala au tunasali kamili? Mwengine akajibu kwamba muhuri wa kutoka tunao, basi tumesafiri. Ustadh mmoja mwenye ndevu za hina akacheka. Akasema sharia haiangalii muhuri wa uhamiaji. Kwa madhehebu ya Shafi'i safari huanza ukishayaacha majumba ya mji wako, na hapa Kiembesamaki bado tumo mjini, kwa hiyo mtu wa Unguja asali rakaa nne zake. Mzee wa Micheweni akainua mkono kama mwanafunzi: "Na mie niliyevuka jana kutoka Pemba?" Akaambiwa yeye msafiri, apunguze. Akanigeukia akasema, "Umeona, mwanangu? Angalau mie nimepata faida."

Baada ya Isha kidogo ikatangazwa: leo hatuondoki.

Hapa ndipo nilipofanya nisichojivunia. Tuliambiwa wageni wa mahoteli watapelekwa hoteli, na wenyeji waende makwao, warudi kesho saa nane mchana. Kauli hiyo ya "wenyeji waende makwao" iliniunguza. Mzee wa Micheweni mwenyeji wa wapi? Kwao ni ng'ambo ya bahari, boti hakuna mpaka kesho, na Unguja hana mtu. Kulikuwa na mama mwengine wa Tanga. Ukiwa na rangi kama yetu na pasi kama yetu, wanadhani kisiwa kizima ni chumbani kwako.

Tena kulikuwa na insulini. Mama ana maradhi ya sukari. Kabla ya safari niligawa dawa zake mara mbili: za siku moja kwenye mkoba wa mkononi, zilizobaki kwenye shanta kubwa, nikijiona mjanja kwa kuupunguzia mkoba uzito. Shanta ilikuwa tumboni mwa ndege. Ya mkononi aliitumia laasiri kwa wasiwasi, sindano moja ikadondoka ikavunjika. Nikaenda kaunta. Alikuwapo binti mmoja, mdogo, wa miaka ishirini na kitu, amezungukwa na watu kumi wote wanazungumza. Nikapaza sauti juu ya zao. Nilimwambia wanacheza na roho za watu. Nilimwambia mama yangu akifa leo damu yake iko juu yake. Nilisema na mengine.

Hakunijibu hata moja. Alinyoosha chupa yake ya maji, iliyokuwa nusu, akaniuliza, "Bimkubwa kala?" Kisha, "Nipe kile kikaratasi cha shanta." Nikampa. Saa tatu na dakika kumi usiku shanta ilikuja peke yake, imebebwa na kijana mikononi, mizigo mingine yote ikiwa bado imo ndani ya ndege.

Nitayasema haya kwa haraka kwa sababu ni ya kazi, na aliye na mgonjwa ayachukue. Dawa zote, nasema zote, hukaa mkononi. Na insulini haitakiwi kabisa tumboni mwa ndege, kule baridi inaweza kuigandisha ikaharibika. Nguo moja ya kubadili, kanga, boflo au kitu cha kutafuna, na chaja. Barua ya hospitali usiiweke chini ya nguo. Na tiketi za kuunganisha zikatwe pamoja, kwa namba moja. Za kwetu zilikuwa hivyo, shirika likatupangia ndege nyengine ya mbele bila ya kutudai kitu. Mzee wa Micheweni mwanawe alimkatia ya kwanza hapa na ya pili kule, mbalimbali, kwa kuwa ilionekana rahisi zaidi. Ya pili ikamponyoka yote, na wa shirika la pili walimwambia kwa simu kwamba kuchelewa kwake hakuwahusu. Omba na barua inayothibitisha mmecheleweshwa na kwa nini. Binti yule aliziandika usiku ule kwa kila aliyeomba, na walioomba walikuwa wanne tu. Wengine walikuwa wanaendelea kupiga kelele.

Mzee na mkewe tuliwachukua nyumbani. Mume wangu alikuja na gari ya rafiki yake, tukajibana. Nilipika wali wa haraka na mchuzi wa papa aliyebaki, mke wa mzee akatoa halua ya Wete aliyokuwa anampelekea mwanawe, akaifungua. "Ataisamehe," akasema.

Kwenye saa nne usiku akaja kijana wa mtaani kwetu anayefanya kazi kiwanjani, upande wa chini, wa kuhudumia ndege. Alikuwa bado na fulana yake ya kung'aa. Tulimkalisha kibarazani tukamuuliza yote ambayo hakuna aliyetujibu mchana.

Alianza na wale wazimamoto. Ndege nzito ikikimbia kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa kisha ikasimamishwa kwa mita mia kadhaa, mwendo ule wote hugeuka joto, na joto huingia kwenye breki. Breki hufika mamia ya nyuzi, na ajabu yake ni kwamba huendelea kupanda joto kwa dakika nyingi baada ya ndege kusimama. Kwenye rimu mna vizibo vya madini laini vilivyowekwa makusudi viyeyuke, upepo utoke taratibu, tairi isipasuke. Lakini ikipasuka, hupasukia ubavuni. Ndiyo maana mzimamoto anayejua kazi yake husimama mbele au nyuma ya gurudumu, ubavuni haendi. "Mlivyokuwa mnawaona hawafanyi kitu," akasema, "wao walikuwa kazini." Nikamkumbuka yule wa suti, nikajikumbuka na mie.

Mume wangu akauliza lile nililotaka kuliuliza: kunguru mmoja, na ndege ina injini mbili, si angeruka tu? Akasema hapo ndipo penyewe. Kabla ya kuondoka marubani hupiga hesabu, uzito wa ndege, joto la siku hiyo, upepo, urefu wa njia, wakapata mwendo mmoja wanaouita V1. Likitokea jambo kubwa kabla ya kuufikia, unasimama, njia inakutosha. Ukishaupita, huna ruhusa tena ya kusimama. Unaruka hata kwa injini moja, kwa sababu ndege imeundwa iweze kupanda kwa injini moja, na njia iliyobaki mbele haitoshi kusimamia. Wanaosimama wakati wa kuruka ndio huishia kwenye nyasi, na wanaoruka wakati wa kusimama wanachukua hitilafu yao kwenda nayo juu. Akatukumbusha ile ndege ya New York ya tarehe 15 Januari 2009, iliyokutana na mabata bukini ikiwa imeshapanda, injini zote mbili zikafa, rubani akaituliza juu ya mto wakatoka watu wote 155 wazima. "Ile ndio habari ya kwenye televisheni," akasema. "Ya kwenu haitangazwi."

Mama alikuwa kimya kwenye mkeka. Akauliza, "Sasa yeye anajuaje kama keshaupita huo mwendo, na kelele zote zile?"

"Mwenzake anamtajia, bibi. Na nahodha, tokea ndege inaanza kukimbia, mkono wake uko juu ya vipini vya injini. Hauondoi. Maana yake yuko tayari kuvirudisha nyuma wakati wowote. Ule mwendo ukifika tu, anautoa mkono, ili hata akishtuka asije akavirudisha kwa mazoea. Akishautoa, ni kwenda."

"Na leo hii, mkono ulikuwepo?"

"Ulikuwepo, bibi."

Mama akatikisa kichwa. Kijana akamalizia habari ya kucheleweshwa: injini ilitazamwa ndani kwa kamera nyembamba kama mrija, bapa moja baada ya jengine, fundi wa ziada alivuka kutoka Dar es Salaam kwa ndege, dakika ishirini tu, injini itawashwa usiku ijaribiwe. Lakini kilichotulaza hakikuwa kunguru. Saa za kazi za marubani zina kikomo, na wetu zilikuwa zimekwisha wakiwa wamekaa nasi kwenye lile joto. Lazima walale. Hilo kule kiwanjani hakuna aliyetuambia, na lingesemwa kwa Kiswahili cha kueleweka nadhani nusu ya kelele zingekufa palepale. Hapo nawalaumu bado. Mtu haudhiki kwa kusubiri kama anavyoudhika kwa kusubiri bila ya kuambiwa anasubiri nini.

Kijana alipoondoka na wageni walipolala, mama alibaki kibarazani. Nikaenda kukaa naye. Akasema, "Mwana wa khalati yako alinipigia simu."

Nilijua anamsema nani. Binamu yangu alikuwamo kwenye ile meli ya Septemba 2011, iliyotoka Malindi usiku kuelekea Pemba ikazama mkondo wa Nungwi, watu wamejazana wanarudi makwao baada ya Idi. Meli ya kubeba watu wasiofika mia saba. Tume ya uchunguzi ilikuja kusema waliokuwemo walizidi elfu mbili. Tulimsomea hitma bila ya maiti. Ila habari ya simu nilikuwa siijui. Miaka yote hiyo sikuwahi kuisikia.

"Alinipigia yuko bandarini. Kaniambia, mama, meli imejaa, watu wengine wanashuka, wanagomba na nahodha. Nishuke? Nami nikamwambia, ushakata tiketi, utaipoteza bure. Panda, mwanangu, asubuhi ushafika."

Sikuwa na la kumjibu. Taa ya jirani ilizimwa. Mama akajifuta uso kwa upembe wa kanga, akasema, "Leo watu wanalilia tiketi," akanyanyuka kwenda kulala.

Siku ya pili tulirudi kiwanjani saa nane. Watu walikuwa wamepoa, waliolala hoteli na waliolala kwenye mabenchi, wote. Yule wa suti sasa alikuwa na fulana, amembebea mizigo mama wa Tanga. Nilimtafuta binti wa kaunta, nikamkuta kwenye zamu yake tena, macho mekundu. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima tokea Mwanakwerekwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Samahani, bi, jana nimepigiwa kelele na watu wengi. Wewe sikukumbuki." Akaniuliza tena kama bimkubwa kala.

Mzee wa Micheweni hakuondoka nasi. Mwanawe alikuwa bado anatafuta tiketi nyengine, na walibaki kwetu siku tatu zaidi, mume wangu akifurahia kupata mtu wa kucheza naye bao.

Mlangoni mwa ndege nahodha alikuwa amesimama anasalimia, yule yule, mtu mfupi wa makamo, mvi masikioni. Mama akasimama mbele yake akazuia foleni yote. Hakumwangalia usoni. Aliuangalia mkono wake wa kulia, akasema, "Ahsante, baba." Yule hakuelewa neno, akauweka mkono ule kifuani akainama kidogo.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama tulipogeuza kichwa kaskazini. Mkanda aliufunga mwenyewe safari hii. Akasoma dua yake, injini zikapiga ukelele, minazi ikaanza kupita. Nilikuwa nimejikaza mwili mzima, nangojea kishindo. Mama akanikamata kidole kimoja tu, kama mtoto anavyokamata.

"Keshautoa mkono?"

"Bado, mama."

Mtikisiko ukazidi. Kuna kunguru wawili walipita mbali, juu ya uzio, nikawafuata kwa macho mpaka wakabaki nyuma.

"Keshautoa?"

Kelele za matairi zikakatika, taa za mji zikaanza kuzama chini yetu, na mama akakiachia kidole changu.

"Sasa keshautoa," akasema.